Kijana Amefaulu: Nani Atamfikisha Chuoni?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana, msikitini Goba, Dar es Salaam





Nimetakiwa niseme machache juu ya kuwaandaa vijana wetu wa sekondari kwa ajili ya maombi ya vyuo na kazi za maisha yao. Kazi yangu ni ualimu, na kwa miaka kadhaa sasa, kila ifikapo majira ya maombi, nimekuwa nikikaa na vijana wa hapa Goba na wa Madale kuwasaidia kujaza fomu zao. Nitakayosema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Nianze na kisa cha kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Wengine wenu mnamfahamu. Alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akamaliza kidato cha sita na kupata daraja la kwanza kwa pointi 8. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, akazikwa kijijini kwao. Alipomaliza mtihani wa Mei aliitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na matokeo yalipotoka Julai alikuwa bado kambini. Aliporudi nyumbani dirisha la mikopo lilikuwa limebakiza siku chache. Hapo ndipo mama alipoulizwa cheti cha kifo cha mumewe, naye hakuwa nacho, maana hakikuwahi kuchukuliwa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwapo, lakini kiliandikwa Athumani, hali vyeti vya mtihani vimeandikwa Othman. Chuo kilimpokea. Mkopo hakupata, na mama muuza maandazi hakuweza kulipa ada wala malazi. Mwaka mzima kijana yule akaendesha bodaboda ya watu katika barabara hii ya kwenda Mbezi. Mwaka uliofuata alienda chuo, alhamdulillahi, na sasa anaendelea vizuri. Lakini mwaka mmoja wa umri wake ulikwenda kwa sababu ya karatasi mbili, na mimi niliyekuwa nikimwona kila Ijumaa sikumwuliza mapema kama anazo.

Ndugu zangu, mtihani kijana yule alifaulu. Palipokwama ni kwetu sisi wakubwa, na jambo hili ndilo ninalotaka tulitafakari.

Sababu mojawapo ya kukwama kwetu ni kwamba njia ya kwenda chuo si ile tuliyoijua. Wazee waliopo hapa wanakumbuka zama ambazo kijana aliyefaulu alipangiwa, akaletewa barua, akapewa na waranti ya kusafiria. Kazi ya mzazi ilikuwa kumnunulia sanduku na kumwombea dua. Zama hizo zimepita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na tangu hapo fedha ya kusomea ni jambo la kuombwa peke yake, mbali na nafasi ya chuo. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilianzisha utaratibu wa kuomba vyuo vyote kwa pamoja kupitia kwake. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaondolewa, na sasa kijana anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo anachokitaka. Kwa hiyo hata kaka mkubwa aliyeingia chuo mwaka 2012, ambaye familia yote inamtegemea kwa ushauri, huenda anamwelekeza mdogo wake njia iliyokwisha fungwa. Nimeyaona haya. Kaka alikuwa na nia njema kabisa, naye mdogo wake akakaa akisubiri TCU imchagulie chuo.

Sasa niseme juu ya karatasi, maana hapo ndipo wengi wanaponasa.

Bodi ya Mikopo haikitazami cheti cha kuzaliwa kwa macho tu. Hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA, na kwa mzaliwa wa Zanzibar kihakikiwe na wakala wa usajili wa huko. Uhakiki huo huchukua siku, na katika majira ya maombi watu ni wengi. Mwenye kupeleka cheti mwezi wa Februari hapati tabu, bali mwenye kupeleka mwezi wa Agosti ndiye anayelala hana usingizi. Aidha, cheti kisiwe kile cha zahanati chenye tarehe ya kliniki. Wapo wazazi waliokitunza kile kadi kwa heshima kubwa, wakidhani ndicho cheti chenyewe.

Kisha yapo majina. Majina yetu sisi Waislamu yameingia katika Kiswahili kwa njia nyingi. Yupo Athumani, Othman na Uthman. Yupo Rajabu na Rajab. Yupo Mwanahamisi na Mwanakhamis. Na Mohamedi peke yake nimemwona kwa namna tano. Nyumbani ni mtu mmoja, lakini katika kompyuta kila herufi ni mtu mwingine. Jina linaloandikwa shule ya msingi mtoto anapoandikishwa mtihani wa darasa la saba ndilo litakalomfuata mpaka chuoni. Mwalimu anayeandika hamjui babu wa mtoto, anaandika anavyosikia. Mzazi, nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa, uhakikishe kwamba majina matatu yamelingana. Ikiwa tofauti imekwisha tokea, iko njia ya kuapa mbele ya wakili au hakimu na kupata hati, lakini hiyo nayo ina gharama na muda wake.

La tatu ni zito kidogo, mnisamehe wenye misiba. Sisi tunazika haraka, na hiyo ndiyo sunna. Marehemu akifa asubuhi, alasiri tumekwisha mfukia, na tukishamaliza hitima kila mtu hurudi kwake. Hakuna anayekumbuka kusajili kifo. Mjane yuko ndani ya eda miezi minne na siku kumi, hawezi kuzunguka maofisini, na ndugu wa mume wanadhani ndugu wa mke watafanya. Miaka kumi baadaye yatima anaambiwa athibitishe kwamba ni yatima. Bodi huzingatia uyatima, ulemavu na umaskini wa kaya katika kupanga mikopo, na huzingatia kwa ushahidi. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi wake anahesabiwa kuwa na wazazi wawili. Naomba basi, katika kila msiba wa hapa kwetu, kamati ya mazishi imteue mtu mmoja wa kuhifadhi kibali cha mazishi na kufuatilia cheti ndani ya wiki chache zile, wakati mashahidi wote wapo na hospitali bado ina kumbukumbu. Kazi hii ni sehemu ya kumtunza yatima, wala haina tofauti na kumpelekea unga.

Niingie katika uchaguzi wa masomo. Hapa napo vijana wengi wanajifungia mlango bila kujua, na mlango huo hufungwa mapema mno kuliko wazazi wanavyodhani.

Katika mfumo waliousoma vijana wetu walio vidato vya juu, mwanafunzi aliweza kuacha Fizikia na Kemia anapoingia kidato cha tatu. Mtoto wa miaka kumi na tano, kwa kuwa rafiki zake wameacha au mwalimu wa somo ni mkali, anafanya uamuzi ambao mzazi hausikii. Miaka mitatu baadaye anasema anataka uuguzi. Hata kozi ya stashahada ya utabibu hutaka angalau ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne.

Binti mmoja alikuja kwangu akiwa na furaha. Alikuwa amemaliza tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, na tangu akiwa mdogo alisema atakuwa daktari. Ilinibidi nimwambie kwamba shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Jiografia haichukui nafasi ya Fizikia. Alilia. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwambia, na yeye aliona masomo mawili ya sayansi yanatosha. Tulimtafutia njia katika fani za kilimo na anaipenda, lakini uamuzi ule ulipaswa kuwa wake. Hivyo hivyo anayetaka uhandisi asiingie njia isiyo na Hisabati ya juu na Fizikia. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafikia 65, nayo ni neema, lakini neema hiyo imeongeza pia uwezekano wa kupotea. Kijana hupewa nafasi ya kubadilisha tahasusi baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka, na nafasi hiyo hupita kimya. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kinachoeleza sifa za kila shahada katika kila chuo. Hakiuzwi, kinapatikana katika intaneti. Kisomwe kabla ya kuingia kidato cha tano, kwani mara nyingi kinasomwa baada ya kutoka cha sita.

Sharti la jumla la kuingia shahada ni kufaulu angalau masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hilo ni sharti la mlangoni tu. Kwa fani zinazogombewa, mwenye pointi 4 atabaki nje akitazama. Na Hisabati ya kidato cha nne, ambayo vijana wanaitupa wakisema wao ni watu wa sanaa, inadaiwa katika kozi nyingi za uchumi, uhasibu na biashara.

Lipo jambo jingine nalisema kwa uangalifu, maana wapo watakaodhani ninadharau somo la dini. Vyuo vya cheti na stashahada vilivyo chini ya NACTVET hutaka kwa kawaida ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne, yasiyokuwa ya dini. Kijana mwenye masomo matatu pamoja na Elimu ya Dini ya Kiislamu anahesabiwa kuwa na matatu. Wazazi wengine wanafurahi kuona B ya dini wala hawaoni F zilizo pembeni yake. Dini tuisome, na tuisome kwa bidii. Ila mtoto aambiwe ukweli kwamba alama ile haitamwingiza katika chuo cha uuguzi.

Wakati wa maombi wenyewe, vijana wengi huenda steshenari. Mwenye steshenari anamfungulia baruapepe, anaweka neno la siri analolijua yeye, anaweka namba ya simu ya yeyote aliye karibu, na kazi inakwisha kwa nusu saa. Simlaumu, ana watu ishirini mlangoni. Lakini kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Ujumbe ukienda kwenye simu ya shemeji aliyehamia Kahama, nafasi inapotea. Namba ya simu iwe ya kijana mwenyewe, na laini isibadilishwe. Maneno ya siri yaandikwe katika daftari, daftari likae kwa mama. Na kwa kuwa wengi wanakuwa kambini JKT kuanzia miezi ya Mei na Juni, kila kitu kinachoweza kutayarishwa kitayarishwe kabla hajaondoka: vyeti vilivyohakikiwa, picha, kitambulisho cha mdhamini, na orodha ya kozi anazozitaka iliyoandikwa kwa mkono wake. Wazazi wasije wakachagua wao kozi, kijana akarudi akakuta ameombewa sheria wakati moyo wake uko katika ufundi umeme.

Gharama nazo zisemwe. Ada ya maombi ya mkopo imekuwa shilingi 30,000, na chuo kwa kawaida hutoza shilingi 10,000. Akiomba vyuo vitatu pamoja na mkopo, ni shilingi 60,000 kabla ya uhakiki, nauli na kuchapisha fomu. Serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Basi sehemu ndogo ya kile tulichookoa iwekwe kwa ajili ya mwezi huo wa Julai.

Juu ya mkopo wenyewe, nimeulizwa mara nyingi kuhusu riba. Mimi si mwanazuoni. Ninachokijua ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwasumbua wengi, iliondolewa mwaka 2021. Mwenye swali la kifiqhi awaulize masheikh wetu waliopo hapa, na aulize mapema, asingoje usiku wa kufungwa dirisha. Ajue pia kwamba mkopo ni deni, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Kuanzia mwaka 2023/2024 wapo pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wanaoweza kuomba. Na wenye ufaulu wa juu sana katika sayansi, tangu mwaka 2022/2023 kuna ufadhili wa Samia, ambao si deni.

Wazazi wa mabinti, nina neno kwenu. Nimewahi kumsikia baba akisema binti yake amesoma inatosha, kwa sababu hosteli za siku hizi zinamtia hofu. Hofu ya mzazi siicheki. Lakini tazameni mahali tulipo. Kutoka Goba kupitia Makongo unafika Chuo Kikuu Ardhi, na Mlimani iko jirani yake. Chuo cha Maji kipo Ubungo, Chuo cha Usafirishaji kipo Mabibo. Binti anaweza kutoka baada ya Alfajiri na kurudi kwa mama yake jioni, na wengine wanafanya hivyo. Watu wa Mtwara na Kigoma wanawaleta mabinti zao hapa kwa kuuza ng'ombe, nasi tulio nusu saa tunasema ni mbali! Kwa anayetaka mazingira ya Kiislamu, Chuo Kikuu cha Waislamu kipo Morogoro tangu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo Tunguu tangu mwaka 1998.

Wala si kila kijana atakwenda chuo kikuu, na haifai tuwaonee haya wasiokwenda. Goba hii inajengwa kila siku. Nyumba hizi zote zinataka fundi umeme, fundi bomba, fundi alumini, na wengi wanaozijenga si vijana wetu. Mwaka 1951 Mombasa walifungua chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora pamoja na serikali ya wakati ule. Wazee wale waliona kwamba kijana anahitaji mkono wenye ujuzi. Chuo kile kimekua, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sisi tuna VETA pale Chang'ombe. Hata kijana aliyejifunza ufundi kwa mtaani, bila darasa, VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti cha ujuzi alionao. Fundi mwenye cheti anaingia katika zabuni na kampuni, asiye nacho anabaki kuitwa kibarua ingawa kazi anaijua zaidi.

Yapo malalamiko ya siku nyingi miongoni mwetu kwamba Waislamu tumeachwa nyuma katika elimu. Historia ya malalamiko hayo naijua na siipuuzi. Lakini fomu ambayo haikujazwa na cheti ambacho hakikufuatwa, hayo hatuwezi kumpelekea mtu mwingine lawama.

Katika sira tunasoma kwamba baadhi ya mateka wa Badri wasiokuwa na mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Hapa msikitini nimehesabu vijana tisa waliopo vyuoni sasa. Siwaombi kumi kumi. Kila mmoja akichukua wawili wa kidato cha nne na wawili wa kidato cha sita, awajue kwa majina, awafuate mpaka siku ya kuripoti chuoni, tutakuwa tumewafikia karibu wote.

Imam ameturuhusu kutumia chumba cha madrasa kila Alhamisi baada ya Isha. Tutakuwapo walimu wawili na kompyuta moja. Alhamisi hii tunaanza na wazazi wenye watoto wa kidato cha tatu na cha tano, kwa kuwa kwao bado kuna muda. Njoo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ripoti yake ya mwisho ya shule. Asiye na cheti aje vilevile, tutaandika jina lake, na Jumatatu yupo ndugu aliyejitolea kuongozana nao kwenda kukitafuta. Mjane ambaye hana cheti cha kifo cha mumewe amwone mama mwenyekiti wa kina mama leo hii kabla hatujatawanyika.